Mabegi Yangu Mbele ya Bwana Mifugo

Watu wengi wakikutana nawe wanakuangalia usoni, wengine wanaangalia viatu. Bwana Mifugo aliangalia keria ya baiskeli. Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, lakini macho yake yalikuwa yameshashuka nyuma ya kiti changu, kwenye begi, na hayakupanda juu mpaka alipolikagua lote. Kisha akasema, "Wewe utafika. Vitu vyako sijui." Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu Ulaya. Nasema Ulaya yetu ya Kilosa, njia ya kwenda Mikumi, si ile inayoendewa kwa ndege. Mama yangu mzazi ilibidi nimweleze mara mbili.

Jina lake silitaji, na hata ningelitaja watu wa kule wangeuliza ndiye nani huyo. Kwa wote alikuwa Bwana Mifugo, afisa mifugo wa kata, aliyekuwapo tangu wengi wao wakiwa wanabebwa mgongoni. Mimi nililetwa nijifunze kwake, halafu akistaafu nishike nafasi yake. Yeye alikuwa na baiskeli nyeusi nzito na uzoefu. Mimi nilikuwa na stashahada, laptopu, na maoni mengi ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kazi yenyewe ilikuwa ya baiskeli. Asubuhi tunakagua nyama machinjioni, kisha tunatawanyika vitongojini kuchoma ng'ombe sindano, kuhasi madume, kuchanja kuku, kuandika. Kutoka chumba nilichopanga mpaka ofisi ya kata ni mwendo wa saa nzima na ushee, vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika. Na kila siku una mzigo: kitabu cha kumbukumbu, mhuri wa nyama, kisu, sindano, kamba, gambuti, chakula chako cha mchana. Unadhani ni vitu vichache mpaka uvitafutie begi.

Yeye alishamaliza mambo hayo zamani. Alikuwa na madumu mawili ya njano, yale ya mafuta ya kula ya lita ishirini, ameyakata juu na kuyatilia vifuniko vya mpira wa gari, yananing'inia huku na huku pembeni mwa keria. Dumu la kulia lilikuwa la vitu safi: kitabu, mhuri, kalamu, ugali wake. La kushoto lilikuwa la uchafu: gambuti, kamba, kisu. Siku moja nilitupia kalamu yangu kushoto kwa haraka tu. Jioni alinirudishia ameishika kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha, kana kwamba ananipa panya aliyekufa. Nikaiosha kwa sabuni mbele yake ndipo akapanda baiskeli.

Mbele, kwenye usukani, alitundika kikapu cha ukindu. Hicho kilikuwa cha chanjo peke yake. Chupa za chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, anazifunga kwenye kitambaa kibichi, anaziweka kikapuni, upepo wa njiani unapita kwenye ukindu na kitambaa kinabaki cha baridi. Akiona kisima anashuka, analowesha tena. "Dawa haibebwi mgongoni," aliniambia wiki ya kwanza. "Mgongo wako ni jiko." Niliitikia kwa kichwa kwa adabu zote, na moyoni nikasema mzee huyu hajui kwamba siku hizi kuna mabegi ya kisasa.

Basi ngoja niseme habari za mabegi yangu, maana bila hayo huwezi kumjua yule mzee.

La kwanza lilikuwa la ofisini, jeusi, lenye mkanda mmoja wa kuvuka kifuani. Nililinunua Kilosa mjini nikijiona mkurugenzi; siku ya kwanza nililifunga kwenye keria, kuanzia ya pili nikalivaa. Ukisimama lilipendeza. Ukikanyaga pedali lilikuwa linatambaa kutoka mgongoni, linapita kwapani, linakuja kukaa juu ya paja, na kila ukiinua goti linakupiga tumboni. Mbele ya shule ya msingi mkanda ukaingia kwenye spoku. Nilikwenda chini pamoja na laptopu, na darasa la tatu zima, waliokuwa nje wanafanya michezo, wakanipa pole kwa pamoja kwa sauti ile ya kuimba.

La pili lilikuwa shangazi kaja, lile begi la mistari linaloingiza nyumba nzima. Nikasema sasa nimetatua, kila kitu kinaingia. Kweli kiliingia. Lakini lilivimba huku na huku hata visigino vikawa vinaligonga, na lilipofungwa kwenye keria kila niliyempita alinipa pole. Wengine walidhani nimehamishwa. Mama mmoja aliteremka kabisa barabarani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani mkeo kakufukuza?" Wakati huo hata mke sikuwa naye.

La tatu lilikuwa la turubai ya kahawia, lenye vifungo vya chuma, na hili Bwana Mifugo aliliangalia kwa muda mrefu kuliko mengine. Alikuwa na kipimo chake. Analifunga begi kwenye keria kwa mpira wa tyubu, anaisukuma baiskeli juu ya matuta ya barabara huku ametega sikio. Likigonga, limefeli. Halafu yanakuja maswali: mvua ikinyesha, ndani kutakuwa na nini? Ukianguka, litaangukia upande gani? Utalifunguaje kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika ndama? Lile la kahawia lilifaulu yote. Nikafurahi mno. Akanitazama, akasema tu, "Nenda nalo kwa wafugaji wa bondeni, utaniambia."

Nilikwenda. Kwenye boma la kwanza nilikuta bibi mmoja na mbwa. Boma la pili, mbwa peke yake. Ng'ombe hakuna, vijana hakuna, vumbi lao ndilo lilikuwa bado halijatua. Nilizunguka mchana kutwa na sindano zangu kama muuza sabuni asiye na wateja. Niliporudi ofisini nilimkuta Bwana Mifugo anacheka peke yake, mabega yanatikisika. Kumbe mabegi kama lile ndiyo waliyokuja nayo mwaka uliopita watu wa kuhesabu ng'ombe, na hakuna kitu wafugaji wale wasichokipenda kama kuhesabiwa mifugo yao. Walikuwa wameniona kwa mbali, wakaona rangi, wakahamisha zizi zima.

"Sasa mzee, si ungeniambia?"

"Ungesikia?"

Nisingesikia. Hilo nalikubali.

Msidhani lakini kwamba alikuwa malaika. Mtu aliyekuwa anamwangusha fahali kwa kamba moja alimwogopa bata mzinga. Kulikuwa na nyumba moja wana bata mzinga dume, na kila tukipita pale Bwana Mifugo alikumbuka jambo la kunieleza, akahamia upande wangu wa pili. Kwa mali ya serikali hakupoteza hata sindano moja miaka yote ile. Miwani yake mwenyewe sasa! Aliisahau machinjioni, msikitini, juu ya mgongo wa ng'ombe aliyeondoka nayo. Alinihubiria kwamba haraka ni ujinga, na kila Ijumaa alinitangulia kwa mwendo wa mbio ili awahi nafasi yake ileile msikitini, karibu na dirisha. Nilipomkumbusha alisema hiyo si haraka, ni kuwahi.

Na alipenda sifa. Hili alilificha, lakini ukiendesha baiskeli na mtu miaka utamjua. Tukiingia kitongojini watoto wanapiga kelele, "Bwana Mifugo huyooo!" na akina mama wanaacha kutwanga wanamsalimia, yeye anajifanya hasikii, uso mkavu. Lakini kengele anaipiga mara mbili, na mbele yake hakuna mtu wala mbuzi. Mke alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali, nyumba ya kupanga. Alichokuwa nacho kwa kweli ni namna alivyotajwa katika Ulaya. Mzee mmoja alisema mbele yake kwamba dawa ya Bwana Mifugo haijawahi kudanganya, na siku hiyo nzima alikuwa ananinunulia soda.

Sasa nafika mahali ambapo sipendi kufika.

Begi langu la nne lilikuwa la mgongoni, jeusi, la mtumba. Muuzaji pale soko la Kilosa aliniambia, "Kaka, hili limetoka majuu, cheki zipu," nikahesabu zipu kumi na moja. Zipu kumi na moja! Nililivaa dukani, sikulivua mpaka nyumbani. Mgongo ulilowa jasho kila siku, lakini nilipendeza, na wakati ule pale shule ya msingi alikuwa amehamia mwalimu mmoja ambaye sitaki kumwelezea zaidi ya hapo. Njia yangu ilipita mbele ya darasa lake.

Bwana Mifugo alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Zamu ya kuchanja kuku wa kikundi cha Mama Zuhura akaniachia mimi. Mama Zuhura alikuwa mwenyekiti wa wanawake waliokuwa wanafuga kuku wa kienyeji, mwanamke wa kupanga mambo, mwenye sauti ya kusikika kitongoji cha pili. Kuku wale ndio walikuwa sare za shule, ndio matibabu, ndio kila kitu. Bwana Mifugo, aliyekuwa ameshamaliza vitongoji vingine vyote, alinipa chupa za chanjo na kikapu chake cha ukindu kwa mkono wake, akasema, "Loweka kitambaa mara mbili njiani." Nikasema sawa mzee.

Nikakiacha kikapu chumbani, nyuma ya mlango. Mwanamume mzima, na stashahada, nipite mbele ya lile darasa na kikapu cha ukindu usukanini kama ninakwenda kununua dagaa? Chanjo niliitia kwenye zipu ya saba, ile ya katikati, inayogusa uti wa mgongo. Jua la Oktoba, saa nzima na ushee. Mwalimu mwenyewe alikuwa ndani anaandika ubaoni, hata hakugeuka. Nilifika, nikawachanja kuku wote, tone moja moja jichoni, Mama Zuhura akinishukuru kila tone. Jioni Bwana Mifugo aliniuliza, "Kitambaa ulilowesha?" Nikamjibu, "Mara mbili, mzee." Nilimjibu nikimwangalia usoni.

Mdondo ulipoingia mwezi uliofuata, kuku wa vitongoji vingine waliochanjwa walisimama imara. Wa Mama Zuhura na wenzake waliisha. Wanapinda shingo, wanazunguka, wanaanguka. Asubuhi wanazoa kwa beleshi. Niliona mwanamke yule mwenye sauti kubwa amekaa kizingitini hasemi kitu, nikaona aibu ambayo mpaka leo ikinijia usingizi unakatika.

Bwana Mifugo alikuja chumbani kwangu, akabisha hodi mara moja tu na kuingia. Akakiona kikapu nyuma ya mlango. Akakichukua, akapitisha kidole, kulikuwa na utando wa buibui umekatiza mdomoni. Akakitundika mkononi, akatoka. Nilitamani anitukane. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha matazamio kazini, na kosa kama lile lingenirudisha kwa mama yangu na mabegi yangu yote.

Kikao kiliitishwa ofisi ya kata. Akina mama walijaa, wengine wamekuja na manyoya kwenye khanga. Mtendaji akauliza dawa ile ilikuwaje. Nilifungua mdomo, nasema kweli niliufungua, hewa ikaingia ikatoka. Bwana Mifugo akasimama.

"Dawa ilikaa kwangu kabla ya kumfikia huyu kijana," akasema. "Niliiacha ikapata joto. Kosa ni langu. Nawaomba radhi, mama zangu."

Halafu Mama Zuhura akasema, bila hata kupaza sauti, "Bwana Mifugo, umezeeka." Wengine wakaguna. Akakaa chini. Alinitazama mara moja tu, na mimi nikaangalia viatu vyangu, ambavyo kwa kweli vilikuwa vichafu.

Miezi ile iliyobaki alipita vitongojini kama kawaida. Watoto bado walipiga kelele, watoto hawana habari na kuku. Akina mama walimsalimia, shikamoo na marahaba, adabu haikupungua. Lakini walipotaka dawa walinitafuta mimi. Mimi! Walisema kijana ana macho mazuri. Nilisema moyoni nitawaeleza akishaagwa. Aliagwa, tukala pilau, nikatoa hotuba ndefu kuhusu uadilifu wake, na nikakaa. Akafunga vitu vyake akahamia Mikumi kwa mtoto wa dada yake. Nikarithi kata.

Hiyo ni miaka sita sasa. Nimekuwa Bwana Mifugo mimi. Nina madumu yangu mawili ya njano, kulia safi, kushoto uchafu, na vijana wa ofisini wananicheka. Kuku wanaishi. Na kila mara nilipoanza kuchanja, hakukosekana wa kusema kwa wema kabisa, kwa kunisifu, "Isije ikawa kama ile ya yule mzee." Mimi nilicheka pamoja nao. Hicho kicheko changu ndicho ninachokichukia kuliko kosa lenyewe.

Mwezi uliopita nilitumwa Mikumi kwa kazi, nikaulizia, nikaonyeshwa. Anakaa nyuma ya barabara kuu, malori yanapita kutwa, na siku hiyo nyani walikuwa juu ya paa la jirani wanakula kitu cha wizi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, magoti yamevimba, kanzu safi. Baiskeli hapandi tena. Nikamwamkia, akaitikia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaniangalia usoni moja kwa moja.

Ikaletwa chai. Akaanza kuuliza Ulaya yake, mtu mmoja mmoja. Yule wa kinu, hajambo? Yule mwenye ng'ombe mwekundu? Wazee wa bondeni wamehama, wapo? Nilijibu yote. Alipofika kwa Mama Zuhura aliweka kikombe chini.

"Bado anafuga?"

"Anafuga, mzee. Ana wengi kuliko zamani."

"Huwa ananitaja?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema anakusalimia sana. Nilimtazama yule mzee, nikaona kwamba hilo ndilo swali alilokuwa nalo kwa miaka sita, na mengine yote yalikuwa ya kulisindikiza.

"Anakutaja," nikasema. "Wanasema uliharibu dawa. Wanasema ulizeeka kazini."

Akatikisa kichwa polepole. Lori likapita, vikombe vikatetemeka. Ndipo nikaanza hotuba yangu, nilikuwa nayo tayari miaka: nilikuwa kijana, niliogopa kazi, nilikuwa mjinga, sikulala. Nilikuwa nangoja aseme lile neno ambalo wazee wetu husema, yameisha mwanangu, tunywe chai. Nilikuwa nalihitaji kiasi kwamba nilikuwa nimeshaanza kujisikia vizuri kabla hajalisema.

"Nilidhani utawaambia wiki ile," akasema. "Nikasema hapana, bado anaogopa, atawaambia mwezi huu akithibitishwa kazini. Siku ya kuniaga uliposimama, nikasema ndiyo leo." Akasugua goti lililovimba. "Siku naondoka nilipitia kwa Mama Zuhura kuaga. Alinipa mayai. Alinipa kama anavyompa mgonjwa."

Nilisikia uso unawaka.

"Nitawaambia, mzee."

"Lini?"

"Nikirudi."

"Kesho Ulaya ni siku ya gulio," akasema. "Watu wote watakuwapo, mpaka wa bondeni."

"Ndiyo, mzee."

"Basi la mwisho la kupita Ulaya linasimama pale kituoni saa kumi. Sasa hivi ni saa tisa na nusu."

Nilikuwa sijamaliza chai, wala sikuwa nimepanga kuondoka siku ile. Kikao changu Mikumi kilikuwa na siku nzima mbele. Nikafungua mdomo nimweleze. Bwana Mifugo akajiinua kwa shida kwenye kile kiti, mkono mmoja gotini, akachukua kikombe changu, akaimwaga chai iliyobaki chini ya mpapai, na akaanza kutafuta kandambili zake ili anisindikize.